Nipe mji: mchezo wetu wa kuwakutanisha wahadhiri na makala za fani zao (uzi mrefu)

Mkutubi wa Bara

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni mkutubi kwenye chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Uzi huu niliuahidi siku ile tulipobishana kwa nini wahadhiri hawaingii maktaba. Leo nimepata nafasi, naumwaga wote.

Kazi niliyoajiriwa kufanya ni kuwasaidia watafiti wapate machapisho ya fani zao. Kwa miaka mingi niliifanya kama nilivyofundishwa. Natangaza mafunzo, naomba ukumbi, naleta projekta, naonyesha jinsi ya kuingia Research4Life (ile iliyoanza na HINARI mwaka 2002, inayotufungulia majarida ya afya, kilimo na mazingira), halafu AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika), halafu Google Scholar. Watu thelathini wanasaini mahudhurio. Saa nne chai. Saa tano nusu yao hawapo. Wiki mbili baadaye, mtu yuleyule aliyekaa kiti cha mbele ananipigia simu: "Dada, nitafutie makala mbili tatu kuhusu jambo fulani, nina haraka."

Nilikuwa nadhani shida ni bando au kompyuta mbovu. Siku moja alikuja ofisini mhadhiri wa fizikia, mtu mzima mwenye heshima zake. Alifunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini nimwonyeshe jinsi ya kujua nani kainukuu makala fulani tangu ilipotoka. Amefundisha miaka kumi na tano. Wale aliowafundisha zamani sasa ni wahadhiri wenzake, wamekaa naye ofisi moja. Angewezaje kuuliza swali lile ukumbini mbele yao? Nilimwonyesha, ikachukua dakika mbili. Alipoondoka nilikaa muda mrefu namfikiria. Dakika mbili, na alizikosa miaka yote hiyo kwa sababu ya aibu tu.

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu. Jioni, baada ya kula, alikuwa anasema "Kitendawili!" nasi tunaitika "Tega!" Anatega, tunahangaika, tunashindwa. Anadai: "Nipeni mji." Tunampa Korogwe, anaukataa, mdogo. Tunampa Mombasa, anaupokea. Anatusimulia alivyokwenda Mombasa, alivyopokewa, alivyokula wali wa nazi na samaki wa kupaka, alivyolala kitanda cha besera, na huko kote sisi tunamsubiri tu, ndipo anatoa jibu. Kutokujua kulikuwa na malipo, ila malipo yenyewe yalikuwa starehe, na jibu ulilipata hatimaye. Sikumbuki mtoto aliyetoka pale amenywea.

Kesho yake nilinunua kadi za manila, mkasi na kalamu ya wino mzito.

Mchezo unakwenda hivi. Mtegaji anachagua makala moja ya kweli kutoka fani ya yeyote aliyemo chumbani. Anaficha jina la makala, waandishi na jarida. Anaandika kitendawili cha mistari mitatu minne kuhusu walichofanya hao watafiti na walichokikuta. Wengine wana dakika tano, na simu na kompyuta ruksa. Wakiipata, kadi yao. Wakishindwa wanatoa mji, na mji kwetu ni makala: mmoja wao anataja makala anayoipenda kutoka kwenye eneo lake, anaeleza kwa dakika mbili kwa nini anaipenda, mimi naipakua palepale na kuituma kwa wote. Mtegaji ana haki ya kuukataa mji kama ameshaisoma. Akiupokea, ndipo anafunua.

Pointi hakuna. Ubao wa washindi hakuna. Hilo nalishikilia sana na nitaeleza sababu mkitaka.

Ijumaa ya kwanza walikuja saba, saa nane mchana, kahawa na kashata mezani. Mimi ndiye nilitega:

*Nilichemsha maziwa na sukari. Mwenzangu hakuchemsha, alikimbilia friji. Nikaogopa kukosa nafasi, nikayaingiza yangu ya moto. Saa moja na nusu baadaye yangu yameganda, yake bado uji mzito.*

Sikumaliza kusoma. "Mpemba!" watu saba kwa pamoja, na vicheko. Nikawaambia, Mpemba ni mtu, mimi nataka makala. Inaitwaje? Iko jarida gani? Mwaka gani? Aliandika na nani?

Kimya. Kile kimya siwezi kukisahau. Yule mhadhiri wangu wa fizikia huwasimulia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kila mwaka, habari ya Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyeona maziwa ya moto yakiganda kabla ya ya baridi. Mtanzania gani aliyesoma sayansi hajui habari ya Mpemba na aiskrimu? Na kati ya wale saba hakuna aliyewahi kuiona makala yenyewe. Dakika tano zikaisha wanapekua. Mwalimu wa udongo akatoa mji wake, makala ya udongo mfinyanzi wa mbugani unaopasuka kiangazi, akaieleza kwa mikono miwili mpaka kikombe kikamwagika. Nikaupokea.

Jibu: "Cool?", neno moja na alama ya kuuliza, jarida la *Physics Education*, 1969, Erasto Mpemba na Denis Osborne. Osborne alikuwa anafundisha fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nusu ya kwanza Mpemba anasimulia mwenyewe: Shule ya Sekondari Magamba, 1963, maziwa, friji, mwalimu aliyemwambia amechanganyikiwa, kisha Mkwawa, Iringa, alipomuuliza Osborne swali lilelile mbele ya wanafunzi wenzake na wakamcheka. Nusu ya pili Osborne anaeleza vipimo walivyofanya Dar. Makala ilipotoka Mpemba alikuwa Mweka anasomea wanyamapori. Tulisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kila mtu aya yake. Kurasa zenyewe ni nne tu.

Halafu mhadhiri wa fizikia akavuta kompyuta na kubofya kile kiungo cha "imenukuliwa na" nilichomwonyesha ofisini, mara hii mbele ya watu wote. Akakuta makala ya 2016 ya Burridge na Linden kwenye *Scientific Reports*, wanaopinga jambo hilo: walipima maji kwa uangalifu, hawakuona dalili ya maana kwamba ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Akakuta ya 2017, Lu na Raz, wanaolieleza jambo hilo kwa nadharia, bila maji wala friji. Akakuta ya 2020 kwenye *Nature*, Kumar na Bechhoefer kule Kanada, waliotumia punje moja ndogo sana ndani ya maji na kuionyesha tabia hiyo waziwazi. Kisha za karibuni kabisa, jina la Mpemba limeingia kwenye fizikia ya kwanta, wanapima kwa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) zilizonaswa. Wenzake waliondoka saa kumi. Yeye alikaa mpaka mlinzi akaja kufunga.

Nile kwanza, nitarudi na mchezo wa pili.

Namba Tasa

Dada mkutubi, nimesoma mpaka mwisho bila kupumua. Mimi ni wa hisabati, naomba nichangie kitu kinachooana na chako, tena cha mwaka uleule.

Paul Erdős, Mhungaria aliyekufa 1996, aliandika makala zipatazo 1,500 na washirika zaidi ya 500. Alikuwa hana makazi ya kudumu, anakuja na begi lake, mnaandika, anaondoka. Wahisabati wakabuni mchezo: Erdős mwenyewe ni sifuri. Ukiandika naye wewe ni moja. Ukiandika na aliyeandika naye wewe ni mbili. Einstein ni mbili, kupitia Ernst Straus. Mwaka 1969 Casper Goffman aliuandikia makala kabisa kwenye jarida la Marekani la hisabati, akiuliza: na namba yako ya Erdős ni ngapi? Leo hifadhidata ya MathSciNet ina sehemu ya kuhesabu umbali huo kati ya waandishi wawili wowote.

Watu wengi wanaishia kujisifia namba. Mimi nilifanya jambo jingine: nikauandika mnyororo wangu wote kwenye daftari, mtu kwa mtu, na kwa kila kiungo nikasoma ile makala iliyowaunganisha. Kiungo cha tatu nilimkuta mtu anayefanya kazi na grafu za aina ninayoishughulikia, kwa njia ambayo sikuwahi kuifikiria. Msimamizi wangu hakuwahi kumtaja. Nilikuwa umbali wa watu wawili kutoka kwake kwa miaka sita, na hatujuani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wengine: chagua mtu yeyote mkubwa wa fani yako, si lazima Erdős, na utafute njia ya kumfikia kwa makala peke yake. Njiani ndiko kuna mali.

Mzee wa Marejeo

Naomba mnivumilie, nitasema ninachokiona. Nina darasa la wanafunzi 400. Nina mitihani ya kusahihisha mpaka kwenye kiti cha wageni. Idara yangu ina watu watano kati ya kumi na wawili wanaohitajika. Halafu naambiwa Ijumaa saa nane nikategewe vitendawili na kashata. Vitendawili ni elimu ya watoto na naviheshimu mahali pake. Msomi anajua kazi yake ni kusoma. Asiyesoma hata ukimwimbia hatasoma.

Mkutubi wa Bara

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umesema waziwazi, maana hata mkuu wangu wa idara alisema hivyohivyo mwanzoni.

Kuhusu muda, uko sahihi, na ndiyo maana mchezo ni dakika arobaini, hauzidi. Vikao vya kusoma majarida tunavyo tangu zamani. William Osler alianzisha chake Montreal mwaka 1875, na sababu mojawapo ilikuwa ya kimasikini kabisa: majarida yalikuwa ghali, wakachangishana kuyanunua. Nasi tulikuwa na kikao cha namna hiyo. Mmoja anasoma makala, anaonyesha slaidi, wengine wanasikiliza wakisahihisha mitihani chini ya meza. Baada ya miezi mitatu tulibaki wawili, mimi na mwenye zamu.

Tofauti niliyoiona kwenye kitendawili ni kwamba akili ya mtu ikishategwa haiwezi kukaa kimya. Anatafuta. Na anapotafuta makala moja anapita kwenye ishirini. Wahadhiri wangu waliniambia mara nyingi, "Sikuipata uliyotega, ila nimekuta hii." Hiyo "nimekuta hii" ndiyo naitafuta mimi.

Na kuhusu kwamba msomi anajua kazi yake ni kusoma: anajua mzee wangu, na ndiyo sababu inamuuma. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, peke yake ina makala zaidi ya milioni 35. Nani atasema amesoma fani yake? Kila mtu ana deni, kila mtu analificha. Kwenye mchezo deni linalipwa kwa kutoa mji, na kila aliyetoa mji amesifiwa kwa alichokijua dakika ileile aliyokiri asichokijua. Pointi nilizikataa kwa sababu hiyo. Wahadhiri wanaishi kwa pointi: za kupanda cheo, za machapisho, za tathmini ya wanafunzi. Nikiongeza zangu watakuja wenye uhakika wa kushinda tu.

Karibu Ijumaa moja, nitakuwekea kiti.

Dkt wa Ziwa

Mimi niko Kanda ya Ziwa, hospitali. Naomba nimuunge mkono dada mkutubi kwa kisa ambacho kila daktari wa saratani ya watoto anapaswa kukijua.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Jarida lilikuwa la wapasuaji, kwa hiyo wapasuaji ndio waliosoma, na walikuwa wachache. Machi 1961 alihadhiri hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliokuja kusikiliza alikuwemo Anthony Epstein, mtu wa virusi vya kuku, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kusoma jarida la wapasuaji. Burkitt akaeleza kwamba uvimbe ule unafuata joto na mvua. Epstein akawaza: kinachofuata joto na mvua kinaweza kuwa kinaambukizwa. Mwaka huohuo Burkitt na wenzake wawili walizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa gari, maili kama 10,000, hospitali kwa hospitali, wakichora mpaka wa ugonjwa. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege London, na 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi tunavyoviita leo Epstein-Barr, vya kwanza kujulikana vinavyohusishwa na saratani ya binadamu.

Tangazo la mhadhara ndilo liliwakutanisha. Epstein asingeliona, ingechukua miaka mingapi? Huwa naliwaza hili kila ninapompokea mtoto mwenye taya iliyovimba, na huku bado tunawapokea. Swali langu: mchezo wako unaweza kuwakutanisha watu wa fani mbili namna hiyo? Maana kitendawili cha fani moja kinawakuta walewale.

Mkutubi wa Bara

Daktari, umenifikisha kwenye mchezo wa pili bila kujua. Tunauita Daraja.

Asili yake ni mtu aliyekuwa mwalimu wa wakutubi, Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1986 alipanga makala mafungu mawili. Fungu la kwanza linaeleza mafuta ya samaki: yanapunguza uzito wa damu, yanazuia chembe za damu kushikamana. Fungu la pili linaeleza ugonjwa wa Raynaud, vidole vinavyokufa ganzi na kubadilika rangi kwenye baridi: wagonjwa wana damu nzito na chembe zinazoshikamana. Mafungu yale hayakunukuuana. Swanson, ambaye hakuwa tabibu, akasema basi mafuta ya samaki yajaribiwe kwa wagonjwa hawa, na miaka michache baadaye jaribio la hospitali likaonyesha nafuu kwa baadhi yao. 1988 akafanya tena kwa kipandauso na magnesi. Kwangu mimi yule ndiye mkutubi aliyenionyesha kwamba kazi yetu ni utafiti kamili.

Daraja linachezwa na watu wawili wa fani tofauti. Kila mmoja anaandika kadi tano: kitu kimoja kwa kila kadi ambacho makala za fani yake hukitaja mara kwa mara. Wanazigeuza mezani na kutafuta kadi inayofanana au kukaribiana. Ikipatikana, wana dakika kumi za kutafuta makala moja inayosimama katikati. Mara nyingi hawapati. Hapo ndipo macho yanapowaka, maana pengo ni mada.

Nitawapa moja iliyonigusa. Mwanaisimu anayechunguza Kimakonde alikaa na mtafiti wa mbu. Kadi nne hazikufanana hata chembe. Ya tano mtafiti wa mbu aliandika "chikungunya". Mwanaisimu akaiangalia, akasema, "Hili neno langu." Akaeleza kitenzi chenyewe, kujikunja, kupinda kwa maumivu, akasimama na kuinama kuonyesha. Wakatafuta pamoja wakafika 1955: Robinson na Lumsden, makala mbili zinazofuatana kuhusu mlipuko wa 1952 na 1953 Newala na nyanda za juu za Makonde. Mwanaisimu hakuwahi kujua kwamba neno la lugha anayoichunguza limo kwenye maelfu ya makala za virusi, kwamba kisiwa cha Réunion theluthi moja ya watu waliugua ugonjwa wenye jina hilo mwaka 2005 na 2006. Na mtafiti wa mbu hakuwahi kuuliza watu wa Newala wenyewe waliueleza vipi ugonjwa ule kwa lugha yao. Sasa wanaandika andiko la utafiti pamoja. Sijui kama litapata fedha. Nawaombea.

Bint Kilindini

Hamjambo wenzangu. Mimi niko Mombasa, nafanya uzamivu kuhusu mwani. Niliposoma kanuni za Nipe Mji nilizipeleka kwenye grupu letu la WhatsApp siku hiyohiyo, watu sita, tunacheza kwa sauti kwa sababu ya bando. Nilitega hiki:

*Shamba langu halina jembe. Hulimwa maji yakitoka. Joto likizidi, mazao yanakuwa meupe na kukatika.*

Mwani, wote walijua. Makala hawakujua. Lakini ngojeni niwaambie kilichonipata mimi mtegaji. Mji niliopewa ulitoka kwa mwenzangu aliyesomea Zanzibar: makala ya *Western Indian Ocean Journal of Marine Science*, jarida la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari, hapo Zanzibar, liko AJOL bure. Mimi mwaka mzima nimekuwa nikisoma makala za Ufilipino na Indonesia kwa sababu ndizo zinazotangulia nikitafuta. Zanzibar wamelima mwani tangu 1989, wakulima wengi ni kina mama, wanapambana na kufa kwa ile aina ya kottonii maji yakipata joto, na yote yameandikwa. Kina mama wa Kibuyuni, Kwale, ninaowahoji mimi, wanalalamikia jambo hilohilo. Bahari ni moja, ng'ambo ya pale tu, nami nilikuwa natafuta majibu mashariki ya mbali. Nililia kidogo, siwafichi, kisha nikaanza kusoma toleo baada ya toleo.

Bi mkutubi, swali: na makala zilizoandikwa kwa Kiswahili je? Hizo hata AJOL sizioni nyingi.

Mkutubi wa Bara

Mwanangu, hongera sana. Huo ndio mji wa kweli.

Kwa Kiswahili hali ni ngumu zaidi. Majarida yapo, *Kiswahili* na *Mulika* ya TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) yana historia ndefu tangu taasisi hiyo ilipoitwa TUKI, na lipo *Swahili Forum* la mtandaoni. Lakini mtu akitafuta kwa Kiingereza hayatokei, na wengi wetu tunatafuta kwa Kiingereza hata tukichunguza Kiswahili. Tunacheza hivi: mtegaji anatoa neno moja la Kiswahili la fani, mfano "ngeli" au "upatanisho", na kila mtu atafute kwa lugha hizo mbili halafu tulinganishe orodha. Mara zote orodha zinatofautiana.

Kwaki Mdogo

Wakuu, nimechelewa uzi. Mimi ni wa fizikia, uzamili. Kule kwetu makala zinawekwa arXiv, hazina ya mtandaoni, kabla ya jarida, tangu Paul Ginsparg alipoianzisha Los Alamos 1991. Mwaka 2010 mwanafizikia David Simmons-Duffin alitengeneza programu inayobuni majina ya makala ya uongo yanayofanana na ya kweli, akaiita snarXiv, akaweka na mchezo: unaonyeshwa majina mawili, chagua la kweli. Nilikosea mengi nilipoanza. Sasa kila ninapokosea naifungua ile ya kweli na kusoma ikisiri yake. Nimejifunza maneno ya fani kwa njia hiyo kuliko kwa kitabu chochote.

Mkutubi wa Bara

Mdogo wangu, huo mchezo tunaucheza kwa kadi, tunauita Ipi ya Kweli: majina matatu, mawili ya uongo. Na siku hizi una uzito ambao 2010 haukuwepo.

Mwaka jana mwanafunzi aliniletea rasimu ya tasnifu nimsaidie kupata marejeo tisa aliyoyakosa. Nilihangaika siku mbili. Majarida yapo kweli. Waandishi wapo kweli, baadhi nawajua kwa kazi zao. Namba za kurasa zimepangwa vizuri. Makala hazipo. Aliulizia akili unde (AI), ikamtungia. Kijana yule hakuwa na nia mbaya, alikuwa ameshazinukuu kwenye sura ya pili na alikuwa anatetemeka. Tangu siku hiyo, kwenye Ipi ya Kweli, atakayechagua lazima aionyeshe makala yenyewe kwenye skrini. Na kadi za uongo tunazichana mbele ya wote kabla ya kutoka, zisije zikaokotwa na mtu akazinukuu.

Mzee wa Marejeo

Nimerudi. Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa dada mkutubi, kwa kuwa aliniwekea kiti. Sitasema mengi. Nilitegewa mara mbili, zote za fani yangu, nikashindwa zote. Ya pili ilikuwa ya mwaka niliokuwa tayari profesa mshiriki. Vijana wakanipa muda nitoe mji. Nikatoa makala niliyoipenda nikiwa na miaka ishirini na minane, nikagundua bado naikumbuka kwa kichwa, jedwali kwa jedwali. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu makala ile kwa miaka thelathini.

Nimekuja na changu. Fani ni mambo ya kale. Kitendawili!

Namba Tasa

Tega!

Bint Kilindini

Tega mzee wetu.

Mzee wa Marejeo

*Waliniona 1976. Nilipita nikivusha mguu mmoja mbele ya mwingine kama mwanamitindo. Mtu akasema huenda ni dubu. Mvua zikanifunika. Wakanifukua 2019, wakanilinganisha na dubu wa kweli, na sokwe, na watu.*

Kwaki Mdogo

Laetoli!

Mzee wa Marejeo

Laetoli ni mahali, kijana. Nataka makala. Dakika tano.

Namba Tasa

Nimepata ya Leakey na Hay, *Nature* 1979, nyayo za Laetoli.

Mzee wa Marejeo

Hiyo nzuri, isome. Siyo. Hiyo haijui kilichofanyika 2019.

Dkt wa Ziwa

Mzee, muda umekwisha. Nakupa Bagamoyo.

Mzee wa Marejeo

Hapa miji ni makala. Nipeni mji.

Bint Kilindini

Nakupa wangu, ile makala ya mwani ya Zanzibar. Naipenda kwa sababu waliwauliza wakulima kwanza, ndipo wakapima maji.

Mzee wa Marejeo

Sijaisoma. Nimeupokea. Nilikwenda Zanzibar, nikapokewa na kina mama wa mwani, nikala pweza wa nazi.

Jibu ni McNutt na wenzake, *Nature*, Desemba 2021. Nyayo tano za eneo linaloitwa A, za miaka milioni 3.66 iliyopita. Yumo Charles Musiba, Mtanzania mwenzetu. Walikwenda kupima dubu weusi Marekani wakiwa wamesimama kwa miguu miwili, wakakuta nyayo za Laetoli si za dubu. Wanasema ni za kiumbe wa jamii yetu, tofauti na wale walioacha nyayo zilizogunduliwa 1978 si mbali sana na pale. Wako wanaobisha, na marejeo ya wanaobisha nitayaleta Ijumaa.

Mkutubi wa Bara

Nimeipakua mzee wangu. Wanaoitaka waniandikie faraghani, na anayefuata kutega ni Dkt wa Ziwa.

Dkt wa Ziwa

Kitendawili!